Kilo 1,212: kisa cha Land Cruiser iliyovishwa deraya Changamwe

Gari la kisa hiki ni Land Cruiser 78, bodi ndefu, injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Ni mali ya kampuni ya ujenzi yenye ofisi Mombasa na kazi upande wa Garsen na Lamu. Mwenye kampuni alilipeleka kwenye gereji moja ya Changamwe likavishwe deraya, kwa sababu njia ile anaijua vizuri. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, msafiri wa Lamu amejua maana ya kusubiri msafara wa polisi. Na tangu jeshi letu lilipoingia Somalia Oktoba 2011, mabomu ya kutegwa barabarani yameua askari na raia katika kaunti za mpakani na huko Lamu kwenyewe. Hofu ya mwenye gari ilikuwa ya haki kabisa, na alitoa pesa nyingi ili watu wake warudi nyumbani wazima.

Gari lilitoka gereji likiwa limepakwa rangi safi, vioo vinene, milango mizito. Haikupita muda likaanza kudai. Jani la springi ya nyuma lilikatika. Rejeta ikawa inachemka kwenye msongamano wa Mtwapa. Breki zikawa za kubahatisha. Mlango wa dereva ukashuka hadi ikawa lazima uinuliwe kwa mikono miwili ndipo ufunge. Mwenyewe akanunua springi mpya, zikakatika tena, ndipo nikaitwa.

Kazi yangu ni chesi, springi na breki. Mambo ya deraya nimeyafuatilia kwa sababu magari ya aina hii huja kwangu yakiwa yamevunjika mahali palepale. Swali nililoulizwa lilikuwa ni la kawaida: nani aliyeharibu gari? Nilipomaliza kulipekua niliona swali lenyewe halitoshi. Mwenye gari alitaka ulinzi akauziwa uzito, na hakuna mtu hata mmoja katika shughuli yote aliyekaa chini akauliza uzito huo utabebwa na nini, na bomu likilipuka nguvu yake itapitia wapi.

Mizani kwanza

Lori la mizigo halipiti Mariakani bila kupanda mizani. Gari dogo lililovishwa chuma hupita tu, kwa hivyo hakuna aliyejua hili lina kilo ngapi. Tulilipeleka kwenye yadi moja ya Miritini yenye mizani ya malori, tukalipima jinsi linavyosafiri: watu 6 na mikoba yao, maji, madumu ya dizeli na tairi za akiba. Mizani ikasoma kilo 4,200. Kibati cha kiwandani kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini kilisema uzito wa juu kabisa ni kilo 3,300.

Tukapima ekseli moja moja. Mbele kilo 1,640, nyuma 2,560. Nikamwomba dereva achuchumae pamoja nami tusome ubavu wa tairi ya nyuma. Namba ya mzigo ilikuwa 112, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Kila tairi ya nyuma ilikuwa inabeba 1,280.

"Kumbe imeandikwa hapa siku zote," dereva akasema. Yeye ni mtu mzima wa Kisauni, ameendesha njia ya Lamu tangu enzi za mchanga na matope.

"Mzee, breki hizi zilianza lini kukukataa?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nakanyaga, gari lafikiri kwanza ndipo lisimame. Nikisema, naambiwa hili ni gari la risasi, lazima liwe zito."

Hesabu ya uzito ule si ngumu, na ingeweza kufanywa kwa penseli kabla ya kukata bamba la kwanza. Chuma cha unene wa milimita 1 chenye eneo la mita 1 ya mraba kina kilo 7.85. Ubavuni, milangoni, kwenye mlango wa nyuma na ukuta wa mbele fundi alitumia mabamba ya milimita 6, eneo la mita za mraba kama 11: kilo 518. Sakafuni aliweka bamba la milimita 10, mita za mraba 4: kilo 314. Vioo vya milimita 40, mita za mraba 3 kwa jumla: kilo 300. Fremu, bolti na vyuma vya kushikilia: kilo 80. Jumla ni kilo 1,212. Gari tupu lenye tangi kamili lilikuwa kilo 2,250, sasa likawa 3,462. Yaani kabla mtu hajaingia, kabla ya dumu la maji, lilikuwa limekwisha kupita mpaka wake.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari hili lingebeba watu walewale na mizigo ileile bila deraya, lingekuwa na kilo 2,988. Kwa kilo 4,200, kila likisimama kutoka mwendo uleule diski hupokea joto la asilimia 40 zaidi. Diski za mbele nilizikuta zimegeuka rangi ya buluu na zina nyufa nyembamba kama nywele. Oda aliyopewa fundi, ambayo niliisoma yote, haikuwa na neno springi wala neno breki.

Chuma chenyewe

Hapa nitapita haraka, maana jambo ni la wazi. Niliomba cheti cha chuma, hakikuwapo. Tukachukua kekee ya kawaida na biti ya kawaida ya gereji, tukatoboa bamba la mlangoni. Ilipita bila taabu, ikatoa nyuzi ndefu laini. Chuma cha deraya chenye ugumu wa karibu 500 kwa kipimo cha Brinell hakikubali hivyo. Biti ya kawaida huungua ncha. Hiki kilikuwa chuma laini cha dukani, kile cha kutengenezea mageti, ambacho ugumu wake ni kama robo ya ule. Bamba la namna hiyo la milimita 6 halizuii risasi ya bunduki ya kivita iliyopigwa kwa karibu. Na hata angepata chuma kigumu, angehitaji kujua kwamba joto la kuchomelea hulainisha chuma hicho kandokando ya uchomeleaji, kwa hiyo wajenzi wa deraya hupanga viungo vyao ili risasi isikute mshono mtupu.

Vioo vilikuwa vya tabaka nyingi, ndiyo, lakini bila alama ya kiwango chochote. Jua la pwani lilikuwa limekwisha kutenganisha tabaka pembeni, malengelenge yakaonekana kwenye kioo cha dereva upande wa juu. Mzee alikuwa anaendesha usiku akiona taa za magari yanayokuja zikiwa mbili mbili.

Kutu nilikuwa naitarajia. Nilifungua kitambaa cha ndani cha mlango wa kushoto nikapata bamba limebanwa juu ya matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango. Kila mlango wa gari hupokea maji ya mvua kupitia mpira wa dirisha, na huyatoa kwa matundu yale. Haya yalizibwa. Nilipochokoa kwa bisibisi yalimwagika maji ya kahawia yenye magamba ya kutu, na nilipobonyeza bati la chini la mlango kidole kikazama. Upande wa bamba uliotazama ndani haukupakwa rangi hata kidogo. Mji wetu ni kisiwa. Hewa yake ina chumvi, na chumvi ikiingia kwenye mwanya mwembamba kati ya chuma na chuma haitoki. Jeshi la Marekani, lenye pesa ambazo sisi hatuna, linapigana na jambo hilihili: Humvee, gari lake la kazi, ina bodi ya alumini iliyofungwa kwenye chesi ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi alumini huliwa. Rangi, mipira ya kutenganisha na matundu ya maji ni sehemu ya ubunifu wa gari tangu mwanzo, haviongezwi mwishoni.

Tumbo la gari

Sasa tufike mahali palipoamua kisa chote. Mwenye gari aliogopa bomu kuliko risasi, kwa hivyo alisisitiza sakafu. Fundi akamwekea bamba la milimita 10, bapa, amelifunga kwa bolti chini ya chesi. Juu yake kuna sakafu ya asili, na viti vimefungwa kwenye sakafu hiyo. Uwazi kati ya ardhi na tumbo la gari ulipungua kwa unene wa bamba na vyuma vinavyolishikilia, kisha ukapungua zaidi kwa sababu springi zimelala.

Bomu la kutegwa ardhini linapolipuka chini ya gari, gesi na udongo hupanda juu kwa kasi kubwa mno. Vikikutana na tumbo bapa, karibu nguvu yote huingia kwenye tumbo. Bamba linaweza lisitoboke kabisa na waliomo wakafa au wakalemaa. Sakafu huruka juu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ikavunja miguu iliyokanyaga juu yake. Kiti kilichofungwa sakafuni kikapanda nayo, uti wa mgongo ukabanwa kati ya kiti na uzito wa mwili. Mtu asiyefunga mkanda hugonga dari. Kwa hiyo wanaopima magari ya kijeshi hawaridhiki kuona bamba halikutoboka. Wanaweka midoli ya umbo la mtu yenye vipimo ndani ya gari, wanalipua kiasi kilichopangwa, kisha wanasoma midoli. Katika kiwango cha NATO kiitwacho STANAG 4569, ngazi ya pili ni kilo 6 za baruti chini ya tairi au chini ya tumbo, ya tatu kilo 8, ya nne kilo 10. Na gari hufaulu ikiwa nguvu kwenye mfupa wa muundi haikupita kilonewton 5.4 na kipimo cha mgandamizo wa uti wa mgongo hakikupita 17.7. Hata mdoli wenyewe umetafitiwa upya. Ule wa zamani, Hybrid III, ulibuniwa na General Motors kwa ajili ya ajali za magari kugongana uso kwa uso, na Wamarekani wakaona haisemi kweli kuhusu nguvu inayotoka chini. Ikabidi wajenge mwingine, WIAMan, kwa ajili ya milipuko ya chini ya gari peke yake.

Kinachookoa mtu ni mambo manne yakiwa pamoja. Kwanza ni umbo: tumbo la herufi V huigawa nguvu ikapita pembeni. Pili ni kimo, kwa sababu nguvu ya mlipuko hupungua upesi kadiri tumbo linavyokuwa mbali na ardhi. Tatu ni kiti kinachoning'inia kutoka ukutani au darini, chenye mkanda wa kushika mabega na kiuno, na mahali pa kuweka miguu pasipogusa sakafu. Nne ni magurudumu, yawekwe mbali na chumba cha watu ili yang'oke yaende zake. Gari letu halikuwa na hata moja. Bamba lile lingeweza kuzuia vipande vidogo vya chuma, nakubali, lakini liliteremsha tumbo karibu na ardhi, likaongeza kilo 314 na kuwaacha watu wamekaa juu ya viti vilivyofungwa mahali palepale pa kuumizwa.

Kuna na mlango. Kioo na bamba viliongeza zaidi ya kilo 80 kwenye mlango mmoja wa mbele, ukining'inia kwenye bawaba zilezile za kiwandani. Gari likilala ubavu, mlango huo ndio wa kusukumwa kwenda juu. Nilimtazama mzee, nikaacha kumuuliza kama ataweza.

Waliopita njia hii kabla yetu

Ujuzi wa tumbo la V haukutoka Ulaya wala Marekani. Ulipikwa kusini mwa bara letu miaka ya 1970, katika vita vya Rhodesia (leo Zimbabwe) na mipaka ya Afrika Kusini, na lazima isemwe ulipikwa na nani: tawala za walowezi zilizokuwa zinapigana kuzuia uhuru wa Waafrika. Casspir, gari lililotokana na utafiti wa taasisi ya CSIR ya Pretoria, liliingia pia kwenye mitaa ya Waafrika likiwa na polisi wa ubaguzi. Watu walilichukia, na walikuwa na sababu. Ujuzi wenyewe lakini uliwazidi umri waliouanzisha. Baadaye Casspir zilitumika kusafisha mabomu Msumbiji na Angola, na leo tumbo la V linalinda askari wa Kiafrika Somalia.

Walianza kama sisi. Waliweka magunia ya mchanga na vipande vya mikanda ya mpira kwenye sakafu za malori. Walijaza tairi maji, kwa sababu maji hunyonya sehemu ya nguvu na joto la mlipuko. Buffel ya Afrika Kusini ilijengwa juu ya chesi ya Unimog, lori jepesi la Mercedes-Benz, ikiwa na chumba cha V na mikanda ya viti ambayo askari waliamriwa kufunga. Tofauti yao na gereji yetu ni kwamba kila gari lililolipuliwa lilirudishwa likachunguzwa: wapi palipinda, nani alikufa, alikaa wapi, alifunga mkanda au la. Gari lililofuata likabadilishwa kwa majibu hayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Pookie, kwa sababu unapinga moja kwa moja fikra ya kuongeza chuma. Lilikuwa gari dogo la mtu mmoja, limejengwa kwa vipuri vya Volkswagen, lenye kazi ya kutangulia msafara likitafuta mabomu. Lilivishwa tairi pana za magari ya mashindano, zenye upepo kidogo, ili uzito wake utawanyike ardhini na kupita juu ya bomu la kutegea magari bila kulikanyaga kwa nguvu ya kulilipua. Dereva alikaa ndani ya kichumba cha V, vipimo vya kugundua metali vikining'inia kila upande. Wabunifu wake walianza na swali tofauti: bomu linahitaji nini ili lilipuke? Wakakuta linahitaji uzito, wakauondoa. Sisi Changamwe tuliuongeza.

Wamarekani nao walijifunza kwa gharama kubwa. Desemba 2004, huko Kuwait, askari mmoja wa akiba kutoka Tennessee alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld akamuuliza kwa nini wanalazimika kuchakura majalala kutafuta chuma chenye kutu na vioo vilivyoharibika wavishe magari yao. Wale vijana walikuwa wanafanya hasa alichofanya mwenye gari wangu, na kwa sababu ileile. Humvee zilipoongezewa deraya, springi na injini zikachoka, kitovu cha uzito kikapanda, zikawa zinabingirika. Jeshi likalazimika kujenga mtambo wa kugeuza kibini juu chini ili kuwafundisha askari jinsi ya kutoka. Na bado tumbo lilikuwa bapa. Februari 2005 askari wa Marine waliokuwa Anbar, magharibi mwa Iraq, waliomba magari 1,169 yenye tumbo la V. Ujuzi ulikuwapo, umekaa Afrika miaka karibu 30. Ombi likalala. Ilikuwa hadi Mei 2007 ndipo waziri mpya, Robert Gates, alipoyafanya magari hayo kuwa ununuzi wa kwanza kwa umuhimu, na hatimaye zaidi ya 27,000 yakatengenezwa. Nikifikiria miaka ile miwili ya katikati, na miguu na maisha yaliyokwenda, napata uchungu.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Mengi ya magari yale yalikuwa na tani 14 na kuendelea. Yalipopelekwa Afghanistan, kwenye njia za milimani na kingo laini za mifereji, yalikwama na kupinduka. Ikabidi Juni 2009 kampuni ya Oshkosh ipewe kazi ya kujenga jingine, M-ATV, jepesi zaidi na lenye springi huru kwa kila gurudumu, kisha 2015 ikapewa kandarasi ya JLTV, gari lililobuniwa tangu karatasi ya kwanza kwa kusawazisha ulinzi, mzigo na mwendo. Kituo cha utafiti wa magari ya nchi kavu cha jeshi la Marekani kiko Warren, Michigan. Hadi 2019 kiliitwa TARDEC. Tangu 2012 kina maabara yenye chumba cha kuweka gari zima kwenye joto la zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi huku likivuta mzigo kamili, ili ijulikane injini itachemka lini kabla ya askari kujua. Gari letu lilijulikana Mtwapa, saa nane mchana, bamba la mbele likiwa limefunika robo ya njia ya hewa ya rejeta.

Watu wa Pwani hawahitaji kusoma habari za Iraq ili wajue kwamba ardhi ina neno lake. Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika mapigano ya kilima cha Salaita karibu na Taveta, Waingereza walileta magari ya deraya ya Rolls-Royce. Kampeni ilivyosogea kusini, mvua zikageuza njia kuwa tope, mbung'o wakaua farasi na ng'ombe, na mzigo wa vita ukaishia mabegani mwa wapagazi. Mnara wa askari wa vita ile uko hapa Mombasa, Barabara ya Jomo Kenyatta, na magari mengi ya kazi hupita kando yake kila siku.

Fundi

Nilikwenda kuzungumza na fundi aliyefanya kazi hiyo. Sikwenda kumkamata. Uchomeleaji wake ni mzuri kuliko wa wengi ninaowajua, mishono yake imenyooka, na fremu za vioo alizipima kwa uangalifu.

"Mwalimu, mimi nimefanya nilivyoambiwa," akanijibu. "Mteja ataka chuma, nami nampa chuma. Hakuna aliyeniletea mchoro."

Nikamwonyesha karatasi ya mizani. Akaisoma mara mbili, akauliza namba 112 ya tairi yatoka wapi, nikamweleza. Kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko lolote katika kisa hiki: kama angejenga V ya chini, pembe yake iwe ngapi? Nikamwambia pembe hiyo haitoki kichwani mwangu wala mwake. Hutokea uwanjani, kwenye kulipua na kupima, na huo si uwanja wa gereji. Ila kuna nusu nyingine ya utafiti ambayo Mombasa inaweza kuifanya bila baruti hata chembe. Tuna kiwanda cha kuunganisha magari hapohapo Miritini. Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chenye vijana wa uhandisi. Uzito kwa kila ekseli, umbali wa kusimama, pembe ambayo gari hupinduka, joto la injini kwenye foleni ya mchana, kutu baada ya misimu miwili ya mvua: haya yote hupimika hapa, na pwani hii ni mahali pagumu pa kutosha kwa majaribio. Serikali yetu hununua magari ya deraya kutoka nje, na yakifika hupita mikononi mwa mafundi wa hapa yanapochoka. Mafundi hao wanajua yanakovunjika. Hakuna anayewauliza wala kuandika wanachosema, na mimi naona hapo ndipo tunapopoteza ujuzi mwingi kuliko kwingine kote.

Tulichoamua

Niliandika ripoti yenye masharti. Bamba la sakafu litolewe lote. Mabamba ya nyuma na ya ubavu wa nyuma, kilo 270 hivi, yatolewe pia, kwa sababu hayazuii kilichokusudiwa na yanakaa juu ya ekseli iliyozidiwa. Matundu ya milango yafunguliwe, bati lililooza likatwe, chuma kitakachobaki kipakwe rangi pande zote mbili. Diski, tairi na springi vibadilishwe. Vioo vitolewe. Maneno "gari la deraya" yasitumike tena kwa abiria wala kwa bima, maana mtu akiamini amelindwa hupunguza tahadhari, hutangulia mbele ya msafara, huacha kufunga mkanda. Na kama kampuni inahitaji kweli gari la kuhimili bomu, inunue au ikodi lililojengwa hivyo kiwandani, lenye cheti kinachotaja kiwango na ngazi, pamoja na tarehe na mahali lilipopimwa.

Mwenye kampuni alisoma yote. Alinyamaza alipofika kwenye sakafu, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoilipia zaidi, kisha akakubali itolewe. Alikataa jambo moja tu: vioo. Alisema wahandisi wake hawatapanda gari lenye vioo vya kawaida, na sikuweza kumbadilisha.

Tukarudi kwenye penseli. Kilo 4,200, toa 314 za sakafu na 270 za nyuma: 3,616. Vioo vikibaki, abiria lazima wapungue. Watu 6 wakiwa 4, kila mmoja na mkoba wake kilo 90, gari linakuwa na 3,436, bado limepita mpaka. Wakiwa 2 ni 3,256, chini ya mpaka kwa kilo 44. Kwa hiyo Land Cruiser hiyo sasa hubeba dereva na abiria mmoja. Wahandisi wengine wanne husafiri nyuma yake kwenye gari la pili lisilo na chuma chochote cha kuongezwa, mikanda imefungwa, ndani ya msafara wa polisi. Mzee wa Kisauni aliomba ahamishwe kwenye gari hilo la pili, akakubaliwa.